Ngazi ya Kamba na Siri Yake

Jahazi la pwani ya Afrika Mashariki likitaka kubadili tanga, foromali huteremshwa, na mabaharia hufanya kazi yao chini. Lakini katika meli kubwa za Ulaya za zamani, zenye milingoti mirefu na matanga mengi ya mraba, tanga lilikunjwa huko huko juu. Ilimpasa baharia kulifuata, mchana au usiku, bahari ikiwa shwari au ikichafuka.

Njia yake ilikuwa ngazi ya kamba. Kila mlingoti ulishikiliwa na kamba nene zilizotoka ubavuni mwa meli hadi juu, ili usianguke. Katika kamba hizo zilifungwa kamba nyembamba za kukingama, kwa nafasi ya sentimita 40 hivi, nazo ndizo zilizokuwa vidato. Zote zilipakwa lami zisiozeshwe na maji.

Meli iitwayo Cutty Sark, iliyoundwa Dumbarton, Scotland, mwaka 1869 ili kuleta majani ya chai kutoka China, ilikuwa na kamba za urefu wa zaidi ya kilometa 17, na mlingoti wake mkuu ulipita mita 45. Meli hiyo ingali yatazamwa na wageni huko Greenwich, London.

Kijana mgeni wa kazi alifundishwa mambo matatu. La kwanza, apande upande wa joshini, yaani unakotoka upepo, maana hapo upepo humgandamiza kwenye kamba. Upande wa pili angening'inia juu ya maji. La pili, mikono ishike kamba nene za wima, wala si vidato. Kidato ni cha mguu tu. Jua, mvua na nyayo hukila, kikakatika ghafula. Aliyekishika kwa mikono huanguka nacho. Aliyeshika kamba nene huteleza mguu mmoja tu, akapata kidato kingine. La tatu, akisimama juu ya kamba iliyo chini ya foromali, mkono mmoja ni wa kazi, wa pili ni wa uhai wake. Lakini dhoruba ilipolifanya tanga kuwa gumu kama ubao, mikono yote miwili ilitakiwa kazini, na wengi walipotea hivyo.

Kwa hiyo vidato vilikaguliwa na kubadilishwa kabla havijakatika. Wahenga walisema kamba hukatikia pabovu. Baharia mwerevu alipatafuta pabovu mapema, wala hakungoja kupajua akiwa juu.