Daftari la Wiki: Kicheko cha Wenye Hadithi

Macho ya bundi

Katika "Reservation Dogs", tamthilia ya televisheni iliyotungwa na Sterlin Harjo, mwana wa makabila ya Seminole na Muscogee wa jimbo la Oklahoma, akishirikiana na Taika Waititi, Mmaori wa New Zealand, na iliyoonyeshwa Marekani tangu mwaka 2021 hata 2023, limo jambo dogo ambalo mtu wa pwani yetu hulielewa bila ya mkalimani: bundi akitokea katika picha, hata akiwa ni sanamu tu, macho yake hutiwa ukungu yasionekane. Kwa mataifa mengi ya wenyeji wa asili wa nchi ile bundi ni mjumbe wa mauti, na kutazamana naye ni kuialika nuhusi, sawasawa na itikadi ya wazee wetu ambao, wakimsikia akilia juu ya paa usiku, hawapati usingizi mpaka afukuzwe. Ukungu ule huchekesha, na papo hapo hulinda staha, kwa kuwa watengenezaji walimfikiria kwanza bibi anayemwogopa bundi, wakamweka katika kiti cha mbele, na mgeni wakamwacha aulize jirani yake. Naona maana ya kicheko kinachosikika leo katika masimulizi ya watu hawa imo humo: msimulizi asiyeona haja ya kujieleza kwa mgeni, huyo yumo nyumbani kwake.

Shujaa na farasi wake

Tamthilia hiyo ilipigwa picha Okmulgee, makao makuu ya taifa la Muscogee, na waandishi wake na waongozaji wake wote walikuwa wenyeji wa asili. Hadithi ni ya vijana wanne wanaomwomboleza rafiki yao na kuota safari ya kwenda California. Mmoja wao, Bear, hutokewa na mzuka wa askari wa kale juu ya farasi, kifua wazi na manyoya kichwani, kwa sura ileile tuliyozoeshwa na sinema za Hollywood. Na kijana anapotega sikio apokee wasia mzito wa mababu, mzuka hukiri kwamba kweli alikwenda katika vita vya Little Bighorn, vile vya mwaka 1876 alivyoangamia Custer na askari wake, ila hakuwahi kupigana, maana farasi alitumbukiza mguu katika shimo la fuko, akaanguka, akamlalia, akamuua.

Sinema za zamani ziliwajua watu hawa kwa sura mbili tu, adui mwenye kelele na mzee mwenye hekima anayetoweka machweo, na wote wawili hawakuruhusiwa kucheka, kana kwamba walikwisha kufa zamani. Mzuka huyu aliyeangukiwa na farasi amewarudishia mababu utu wao. Babu wa jiwe hustahiwa kwa mbali. Babu aliyekosa bahati hupendwa, na mjukuu hupata thubutu ya kumuuliza neno.

Shida ndogo ya viwanja

Kabla ya hawa alikuwako Charlie Hill, Mwoneida aliyezaliwa mwaka 1951 na kufariki mwaka 2013, mchekeshaji aliyesimama mbele ya taifa zima la Marekani mwaka 1977 katika kipindi cha Richard Pryor, bingwa wa mzaha wa Wamarekani weusi. Hill alieleza kwa upole kwamba watu wake wanatoka Wisconsin, na kwamba zamani walikuwa wa New York, ila ilitokea shida ndogo ya viwanja. Ukumbi ukacheka. Ndani ya sentensi zile fupi ilikuwamo habari ya kabila lililopokonywa nchi yake kwa mikataba na hila, likahamishwa mamia ya maili kuelekea magharibi katika karne ya 19. Habari hiyo ingalisomwa katika mhadhara, wengi miongoni mwa waliocheka wangaliinuka wakaenda zao. Kicheko hufungua mlango ambao shutuma huugonga mchana kutwa bila ya kuitikiwa, na aliyekwisha kucheka amekwisha kukubali kwamba amefahamu. Sidhani kama yupo msomaji wa Dar es Salaam au Mombasa, miji ambayo kesi za viwanja hurithiwa na watoto, atakayehitaji kufafanuliwa uchungu uliomo katika neno "ndogo".

Dada saba na choo cheupe

Tomson Highway, Mcree aliyezaliwa kaskazini ya Manitoba nchini Kanada mwaka uleule wa 1951, aliandika "The Rez Sisters", mchezo wa jukwaani ulioonyeshwa kwanza mwaka 1986, juu ya wanawake saba wa kijiji kimoja cha kisiwa cha Manitoulin wanaofunga safari hadi Toronto kushiriki mchezo wa bingo uliotangazwa kuwa mkubwa kupita yote duniani. Mchezo huo wa jukwaani unapoanza, Pelajia Patchnose yuko juu ya paa na nyundo mkononi, akiitamani barabara ya lami. Philomena Moosetail haja yake kuu hapa ulimwenguni ni choo kipya, cheupe na kipana. Na Marie-Adele, mama wa watoto 14, anaugua saratani, na hatarudi salama. Mwandishi hakuona aibu kuweka choo na mauti katika chombo kimoja, na mtazamaji hucheka hali machozi yakimlenga.

Yafaa kukumbuka kwamba Highway mwenyewe alilelewa katika shule ya bweni, miongoni mwa zile zilizowachukua watoto wapatao 150,000 kutoka kwa wazazi wao, na ambazo, kama ilivyoeleza ripoti ya Tume ya Ukweli na Maridhiano ya Kanada mwaka 2015, ziliwaadhibu wengi wao kwa kosa la kusema lugha za mama zao. Aliyetoka huko, akarudi kuichekesha dunia kwa utamu wa Kicree, amewashinda waliotaka asiwe na cha kusema.

Sungura wa pande mbili

Katika mchezo huo dada saba hufuatwa na Nanabush, mjanja mkuu wa ngano za Waojibwe, ambaye huja mara katika umbo la shakwe, mara la ndege mwingine. Katika ngano za kale Nanabush ana mnasaba na sungura, na kwa Wamuscogee na Wacherokee mjanja wa hadithi ni sungura hasa. Na kwa kuwa Waafrika waliotiwa utumwani waliishi karibu na mataifa hayo kusini-mashariki ya Marekani, wataalamu wamejadiliana muda mrefu nani alimpa nani kisa kipi. Mataifa mengi ya kaskazini huzisimulia ngano hizi wakati wa baridi tu, theluji ikiwa imetanda. Nasi wazee wetu walikataza hadithi za mchana, wakati wa kazi. Sungura wetu humghilibu fisi na simba, kisha kobe humfedhehesha, na mtoto hujifunza kwa pamoja ujanja na mipaka ya ujanja. Wala si ajabu kwamba watu wa mbali walimchagua mnyama mdogo: mwenye nguvu hana haja ya hadithi.

Utani

Vine Deloria, mwandishi wa Standing Rock, alitoa mwaka 1969 kitabu "Custer Died for Your Sins", chenye sura nzima juu ya kicheko cha watu wake, na humo alionyesha kwamba mzaha ulikuwa hakimu wa jamii, kwa kuwa mkosaji alirekebishwa kwa kutaniwa na wenziwe, akaepushwa na fedheha ya kukaripiwa hadharani. Kwa Wacrow wa Montana ilikuwako hata jamaa maalumu iliyopewa haki hiyo. Sisi tunazijua kanuni hizi. Mngoni humtania Mhehe kwa sababu babu zao walipigana karne ya 19, na Mnyamwezi akifika msibani kwa Mzaramo ana ruhusa ya kusema maneno ambayo mwingine angepigwa kwa kuyasema. Utani una sharti moja lisilovunjwa: anayetania hutaniwa. Maneno yakienda upande mmoja tu, huo ni uonevu, hata watu wakicheka namna gani.

Nasaha kwa watunzi wetu

Kwa mizani hiyo naomba tuipime kazi yetu wenyewe. Katika vichekesho vya Kiswahili Mmasai ni mlinzi wa getini mwenye rungu, anayeigizwa aghalabu na asiye Mmasai, na matamshi yake ndiyo kichekesho chote; Mmakonde na Msukuma nao wana vyeo vyao vya kudumu katika ujinga wa kubuniwa. Hatujawapa nafasi ya kujibu. Fauka ya hayo, wako kwetu wenye visa kama vya Hill: Waogiek wa msitu wa Mau walitolewa katika nchi yao hata Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu, iliyoko Arusha, ikawapa haki mwaka 2017, na Wahadzabe wa pande za ziwa Eyasi hupigwa picha na watalii kila uchao pasipo kuulizwa wao wenyewe wanawaonaje hao watalii, na mimi naamini jibu lao lingetuvunja mbavu. Oklahoma haikupata wacheshi wake kwa muujiza. Walikuwako tangu zamani, ila walikabidhiwa kalamu, kamera na mamlaka ya kuamua. Basi wenye vituo vya televisheni wawatafute vijana wa jamii hizo, wawalipe ujira wa haki, na wawape saa nzuri ya jioni, watu wakiwa nyumbani.