Tununue Gitaa, Tusinunue Jina la Mti

Ndugu wanafunzi, nanyi wenzangu mliokwisha kuondoka shuleni,

Nimepata habari kwamba Chama cha Muziki kimejaliwa kukusanya fedha za kununulia gitaa moja la umeme, lililokwisha kutumika, na kwamba wanachama sasa wamegawanyika makundi mawili. Kundi la kwanza limeona gitaa huko Busia, ambalo mwenyewe anasema limetengenezwa kwa mahogani safi. Bei yake itamaliza sanduku lote la chama. Kundi la pili limeona jingine hapa Tororo kwa karibu nusu ya bei hiyo, lakini linadharauliwa kwa kuwa, wasema wenzetu, ni plaiwudi tu. Yote mawili ni ya aina ya nusu-mvungu: mbavu zake ni tupu kama sanduku, na katikati limepita gogo la mti kutoka shingoni hadi chini.

Mimi si mwanachama, lakini nilitoa mchango kama wengi wa zamani walivyotoa, na kwa hiyo nadhani ninayo haki ya kusema. Ugomvi huu juu ya jina la mti utatupotezea fedha, na mwishoni huenda tukabaki na kitu kizuri cha kutundika ukutani.

Kwanza, hiyo plaiwudi inayodharauliwa. Kampuni ya Gibson ya Marekani ilitoa gitaa lake la ES-335 mwaka 1958, na hilo ndilo baba wa magitaa ya nusu-mvungu tunayoyaona leo. Mbao zake za juu na za nyuma zilikuwa plaiwudi: tabaka za mti mgumu wa nchi za baridi uitwao mepo, na katikati yake tabaka ya popla, zimegandishwa kwa gundi. B. B. King, ambaye watu wa Kinshasa walimwona kwa macho yao mwaka 1974, alipiga magitaa ya ukoo huo huo kwa miaka mingi. Na kabla ya hapo, karibu mwaka 1940, mpigaji mwingine wa Marekani, Les Paul, alichukua kipande cha msonobari cha inchi nne kwa nne, nguzo kama ya kujengea banda, akakitia shingo, nyuzi na pikapu. Kisha akabandika mabawa ya gitaa la kawaida ubavuni, maana watazamaji hawakupenda sura ya nguzo.

(Pikapu ninayoisema hapa si ile gari ya kubebea magunia. Ni kile chombo kidogo chini ya nyuzi, chenye sumaku na waya mwembamba uliozungushwa mara maelfu.)

Gitaa ambalo John Lennon alipiga mwaka 1957, siku ile alipokutana na Paul McCartney, lilikuwa Gallotone la bei rahisi kutoka Afrika Kusini, na ndani yake lilibandikwa karatasi ya kuahidi kwamba halitapasuka. Ahadi hiyo si ya kuchekwa. Ubao mzima hunywa maji wakati wa masika na kuyatoa wakati wa jua. Hutanuka na kunywea kwa upana wake, lakini kwa urefu wake karibu haubadiliki. Katika plaiwudi, tabaka moja hulazwa kukingama na nyingine, zikazuiana. Kwa watu tunaoishi chini ya mabati, kati ya mvua za ziwa na joto la saa saba mchana, faida hiyo si ndogo.

Pili, hata katika magitaa yasiyo ya umeme, ambamo mti una kazi kubwa zaidi, masikio yetu hayajui majina ya miti kama tunavyojidanganya. Mwaka 2018 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Lancaster, Uingereza, pamoja na fundi mmoja wa magitaa, walitangaza jaribio lao. Yalitengenezwa magitaa sita yaliyofanana kwa kila jambo, ila mti wa mgongo na mbavu tu ndio uliotofautiana. Walikuwamo roziwudi wa Brazili, ambao ni ghali mno, na sapele, mti wa jamii ya mahogani unaomea hata katika msitu wa Budongo hapa Uganda. Wapigaji 52 waliyajaribu bila kuona wanachokipiga. Sifa walizoyapa zilikaribiana sana, na kuyatofautisha kwa sikio kuliwashinda karibu kabisa.

Wako basi wanaosikia hayo wakasema kwamba mti haufanyi lolote katika gitaa la umeme. Hao nao wamevuka mpaka. Ni kweli kwamba pikapu haisikii mti. Inasikia waya wa chuma unaotikisika juu ya sumaku. Lakini waya huo umefungwa penye mti, na namna mti unavyoshika ndivyo waya unavyotikisika. Ukifungwa penye kitu kizito kilichotulia, sauti hudumu. Ukifungwa juu ya ubao mwepesi juu ya uwazi, ubao hunyang'anya nguvu za waya, na sauti huanza kwa ukali kisha ikafa upesi. Mpigaji wa nyatiti anaujua ubao huo mwepesi kwa jina jingine: ni ngozi ya ng'ombe iliyowambwa, na bila ngozi hiyo nyuzi zake nane zisingesikika hata na jirani. Yeye hana umeme, na kwa hiyo mti na ngozi ni kila kitu kwake. Kwetu sisi jambo la kuuliza ni kama gogo lipo, kama ni kavu, na kama limegandishwa vizuri. Kama ni mahogani au mvule, tuulize baadaye tukinywa chai.

Na hapa ndipo wengi hudanganywa. Mwaka 1961 Epiphone walitoa gitaa liitwalo Casino, ambalo kwa mbali hulitofautishi na ES-335, lakini ndani halina gogo. Ni tupu lote. Ni gitaa zuri sana, na Beatles walilipenda. Lakini sanduku tupu mbele ya spika kubwa hupokea sauti, likatikisika, likairudisha tena katika nyuzi, na kufumba na kufumbua kuna mbinja inayowafukuza hata mbwa uwanjani. Bendi yetu hupiga nje, siku ya michezo, na spika zikiwa nyuma ya wapigaji. Kwa hiyo mchukue tochi. Mulikeni katika yale matundu yenye umbo la herufi f. Mkiona ukuta wa mti katikati, gogo lipo. Mkiona mwanga ukitokea tundu la pili, mwenye gitaa hajui anachokiuza, au anajua sana.

Baada ya hapo shikeni shingo. Mimi mwenyewe niliwahi kununua gitaa mpakani kwa ajili ya mistari ya ubao wake, iliyong'aa kama asali. Muuzaji alinipigia nyimbo mbili, zote karibu na kichwa cha gitaa, nami sikuuliza kwa nini hakushuka chini. Nilipofika nyumbani niliona shingo imepinda kama upinde, na ule mchuma unaopita ndani ya shingo, wa kuinyoshea, ulikuwa umekwisha kukazwa hadi mwisho. Hakuna fundi aliyeweza kuuzungusha tena. Niliuziwa mbuzi kwenye gunia, na gunia lenyewe nililisifu mimi.

Basi inueni gitaa mpaka jichoni, mtazame ukingo wa shingo kutoka kichwani, kama seremala anavyotazama ubao. Kisha bonyezeni uzi mmoja penye freti ya kwanza na ya mwisho kwa pamoja. Katikati uzi uwe na nafasi ndogo, kama unene wa kadi, wala usilale kabisa. Pigeni kila freti ya kila uzi, hata kama muuzaji ana haraka. Tazameni nyuma ya shingo pale inapoingia kichwani, maana hapo ndipo magitaa mengi huvunjika yakianguka, na rangi mpya mahali hapo pekee ni habari mbaya. Yanayosafirishwa kwa bodaboda bila mkoba huanguka mara nyingi. (Neno bodaboda lenyewe lilizaliwa mpakani huku, kwa baiskeli zilizovusha watu.)

Mwisho ni umeme. Katika gitaa la mti mtupu mnafungua kifuniko, mnaziona waya. Katika nusu-mvungu, fundi hulazimika kuvitoa vifungo vyote na kuvirudisha kwa uzi kupitia tundu lile lile la f, kazi ya nusu siku ambayo si kila fundi ataipokea. Kwa hiyo kifungo kinachokwaruza, ambacho ningekisamehe katika gitaa jingine, hapa ni sababu halisi ya kupunguziwa bei. Kama mahali pa kuuzia hapana umeme, nendeni na amplifaya ndogo ya betri. Anayekataa msijaribu, mwacheni na gitaa lake.

Sikuliona lile la Busia wala hili la Tororo, na huenda lile la mahogani ndilo bora. Ombi langu ni kwamba kabla ya kupiga kura, Chama kimwombe mwenye gitaa la Tororo aruhusu lipelekwe Busia siku moja, na mwenzetu mmoja abaki kwake kama dhamana ya heshima. Magitaa yote mawili yatiwe nyuzi mpya za aina moja, yapigwe kwa amplifaya moja na mkono mmoja, na wanachama wakae wamegeuka wakitazama barabara. Kila mtu aandike kwenye karatasi, la kwanza au la pili, wala asiseme neno mpaka karatasi zikusanywe. Fedha za nyuzi nitatoa mimi, na tochi ninayo.