Dalali wa Viza Asiwahadae
Wanafunzi wangu wa Arua na Koboko, jihadharini na dalali anayenong'ona: «Uliwahi kuzidisha muda ugenini? Badili pasipoti, jaza hapana.» Huyo hawasaidii, anawachimbia shimo. Pasipoti hubadilika, alama za vidole hazibadiliki. Sheria ya Marekani ya 1996 humfungia mlango kwa miaka 3 aliyezidisha zaidi ya siku 180 kisha akaondoka, na kwa miaka 10 aliyefikisha mwaka mzima. Adhabu hiyo ina mwisho. Lakini anayedanganya ili apate viza hufungiwa maisha, asipopata msamaha maalumu. Basi aliyekosa akiri, aeleze sababu, aambatanishe ushahidi. Njia ya mwongo ni fupi. Msiuze ng'ombe wa nyumbani kumlipa anayewaelekeza huko.