Mwacheni Alie, Muvi Imemgusa

Kuna tabia imezoeleka sana mtandaoni ya kumcheka mtu anayelia kwenye muvi. Akiwa dada anaambiwa ana deko. Akiwa mwanaume ndiyo balaa, anatengenezewa stika kabisa, na stika hiyo itazunguka magrupu ya WhatsApp mpaka imfikie baba mkwe. Wanaocheka hoja yao ni moja tu: yale ni maigizo, aliyekufa pale kalipwa hela yake na kesho yuko anaigiza nyingine. Ni kweli, kalipwa. Ila anayelia kwenye kochi mara nyingi hamlilii yule.

Yupo kijana mmoja wa bodaboda, mkazi wa Mbagala, mtoto wa kwanza kwao. Bi mkubwa wake alipofariki, yeye ndiye aliyesimamia kila kitu: jeneza, gari la kusafirisha mwili, michango, turubai, sufuria za kuazima, nani kala na nani hajala. Wajomba wakawa wanampigapiga begani, "Mwanaume ndivyo anavyotakiwa kuwa." Na hakutoa chozi hata moja. Watu walipotawanyika akarudi barabarani, maana hesabu ya bosi wa pikipiki haijui msiba.

Miezi mitatu baadaye, Jumapili mchana, amekaa na wapwa zake wanaangalia katuni, Coco. Ikafika pale dogo Miguel anapomwimbia bibi kikongwe aliyepoteza kumbukumbu, na yule bibi taratibu anaanza kurudi. Jamaa akaangua kilio mpaka watoto wakaogopa. Mdogo wake wa kike, kwa utani tu, akarekodi na kuweka stetasi. Kufikia jioni kijiwe kizima kilikuwa kinamwita Coco.

Sasa hao wa kijiweni pengine hawajui ile katuni inahusu nini. Ilitoka mwaka 2017, ni ya Pixar, na ilichukua Oscar ya katuni bora. Hadithi yake iko Mexico, kwenye sikukuu yao ya kuwakumbuka marehemu. Familia zinaweka picha za waliotangulia mezani, na katika muvi asiyewekwa picha hawezi kuvuka daraja la maua kuja kuwaona ndugu zake. Halafu kuna kifo cha pili. Marehemu anaendelea kuwepo kule aliko ilimradi kuna mtu duniani anamkumbuka. Siku wa mwisho akimsahau, anafifia na kupotea moja kwa moja. Héctor, mmoja wa marehemu hao, amebakiwa na mtu mmoja tu anayemkumbuka, binti yake, ambaye ndiye huyo bibi kikongwe. Kwa hiyo Miguel anapoimba pale anakimbizana na muda, bibi asisahau.

Na jambo hili wala si geni huku kwetu. John Mbiti, msomi wa Kenya, aliliandika kwenye kitabu chake cha mwaka 1969 kuhusu dini na falsafa za Kiafrika. Tena alitumia maneno mawili ya Kiswahili, Sasa na Zamani. Kwa maelezo yake, mtu akifa hatoki kwenye Sasa papo hapo. Anabaki humo maadamu wapo waliomjua na wanaomtaja kwa jina. Akifa wa mwisho aliyemjua, ndipo anaingia Zamani. Ukiisoma hiyo halafu ukaiangalia Coco, unaona Wamexico na bibi zetu wa kijijini walikuwa wanazungumza jambo moja bila kukutana.

Kwa hiyo mtoto wa kwanza aliyekuwa anahesabu sahani msibani amekaa mbele ya TV, na muvi inamuuliza swali ambalo hakuna aliyemuuliza pale msibani: na wewe mama yako unamkumbuka saa ngapi? Asilie kwa nini?

Misiba yetu ina utaratibu wake, na ni utaratibu mzuri. Kuna matanga, kuna arobaini, kuna kuondoa msiba. Mjane wa Kiislamu ana eda yake ya miezi 4 na siku 10, anaachwa atulie na watu wanajua yuko kwenye nini. Lakini kijana wa kiume ana nini? Ana "piga moyo konde" na "jikaze, wewe ndiye baba sasa hivi." Wahenga walisema machozi ya samaki huenda na maji, na vijana wengi wa mjini wanaishi hivyo hivyo, wanalia ndani ya helmeti wakati barabara ina kelele.

Hapo ndipo Wakanda Forever nayo inapomshika mtu. Chadwick Boseman alifariki Agosti 28, 2020, akiwa na miaka 43, kwa saratani ya utumbo ambayo hakuwahi kuitangaza hadharani. Muvi ilipotoka Novemba 2022 hakuwekwa mtu mwingine kwenye nafasi yake. Wakaamua T'Challa naye afe. Wale unaowaona wamevaa nyeupe kwenye mazishi walikuwa wanaigiza kumzika mtu ambaye walimpoteza kweli, na hapo maneno ya "maigizo tu" yanaanza kuishiwa pumzi.

Lakini wa kuangaliwa ni Shuri, mdogo wake. Kaka yake anakata roho, yeye yuko maabara anahangaika na kompyuta. Mwaka unapita, mama yake anamwita mtoni wachome nguo za msiba, amalize. Hataki. Amejificha kwenye kazi, kila siku anaunda kitu. Watu wa aina hiyo wapo kila mtaa, ndio wale wanaosifiwa kwamba msiba haujawatikisa. Muvi nzima inapita na vita vyake, na kusema kweli ile vita ya mwisho ya melini ni ndefu kuliko ilivyostahili, ndipo Shuri anaenda Haiti, anakaa ufukweni peke yake, anachoma ile nguo na kumkumbuka kaka yake. Machozi yanatoka. Basi.

(Na kama kuna anayeona Mexico na Wakanda haziingiliani, Lupita Nyong'o, ambaye ni Nakia humo ndani, alizaliwa Mexico kwa wazazi Wakenya.)

Wapo watakaosema huo ni uzungu, mtu anawezaje kujiona kwenye hadithi ya watu wasiomjua. Hao wawaulize bibi zao. Awaara ya Raj Kapoor, ya mwaka 1951, ilipendwa vibaya mno Unguja na Dar, na wengi waliotoka sinema wamelowa machozi hawakuwa wanajua Kihindi. Baadaye vikaja vibanda umiza na watafsiri kama Lufufu, na kwa Wakenya DJ Afro, Mchina wa kung fu akaongea Kiswahili cha mtaani kama vile kazaliwa Manzese. Watu wa huku hawajawahi kungoja muvi itaje jina la mtaa wao ndipo waichukue iwe yao.

Hoja yenye uzito kidogo ni ile ya kukimbia maisha. Ni kweli, kuna mtu anamaliza misimu minne ya tamthilia kwa wiki, halali, haogi, simu hapokei, na ukimuuliza alichoangalia jana hakumbuki. Huyo hajaguswa na kitu, amezimwa. Na kama mtu hali chakula wala halali wiki kadhaa, muvi si dawa yake, anahitaji ndugu wa kukaa naye au mtaalamu. Ila usimchanganye huyo na yule anayerudia tukio moja, dakika zile zile, kwa sababu anajua kuna nini pale.

Kama dada mmoja wa Arusha, aliyefiwa na kaka yake. Kila mwaka tarehe ile ikifika, usiku watoto wakishalala, anaweka Wakanda Forever. Haiangalii yote. Anasogeza mbele mpaka ufukweni. Mwaka wa kwanza mumewe alimuuliza kama ana akili timamu, kuangalia muvi kutokea mwisho. Siku hizi tarehe ikikaribia, mume ndiye anayenunua bando.