Madaktari wa ngozi wasikilizwe

Mwezi Mei 2025 Mkutano Mkuu wa Afya Duniani, uliofanyika Geneva, ulipitisha azimio la kuyatambua maradhi ya ngozi kuwa jambo la kupewa kipaumbele katika afya ya umma. Nchi za Afrika, zikiwemo Ivory Coast na Togo, zilikuwa mstari wa mbele, na vyama vya madaktari wa ngozi vililipigania azimio hilo kwa muda mrefu. Tunawapongeza. Lakini azimio la Geneva haliwezi kuliondoa kopo la mkorogo katika kibanda cha sokoni. Kazi hiyo ni yetu.

Madhara ya mkorogo hayana siri tena. Zebaki hupenya ngozi ikaingia mwilini, ikadhuru figo na mishipa ya fahamu, na humfikia hata mtoto aliye tumboni. Haidrokwinoni ikitumiwa kwa muda mrefu huuacha uso na mabaka meusi yasiyofutika. Krimu zenye steroidi, zitumiwapo bila ushauri wa daktari, huikondesha ngozi hata kidonda kikachelewa kupona.

Katika hospitali ya KCMC, Moshi, hutengenezwa losheni ya kuwakinga jua ndugu zetu wenye ualbino, kwa maana upungufu wa rangi asilia ya ngozi huwaweka katika hatari kubwa ya saratani. Ni jambo la kusikitisha kwamba kinga ambayo wenzetu hawa wamezaliwa bila ya kuwa nayo, wengine wanauziwa sumu ya kuiondoa.

Makatazo hatukuyakosa. Sheria ya Chakula, Dawa na Vipodozi ilipitishwa mwaka 2003. Mwaka 2019 jukumu la kusimamia vipodozi lilihamishiwa Shirika la Viwango Tanzania. Aidha, nchi yetu ni mwanachama wa Mkataba wa Minamata, uliopewa jina la mji wa Japani ambao watu wake waliangamizwa na samaki wenye zebaki. Mwaka 2023 nchi wanachama zilikubaliana kwamba ifikapo 2025 kipodozi chochote kilichotiwa zebaki kisitengenezwe wala kuvushwa mipaka.

Hata hivyo bidhaa hizo zingali zinapita njia za panya. Anayekamatwa mara nyingi ni mchuuzi mwenye makopo kumi, huku mlanguzi aliyeingiza shehena nzima akistarehe.

Wako wasemao kwamba mwenye kujichubua amejitakia. Hatukubaliani nao. Zebaki haionekani kwa macho, na mara nyingi lebo haiitaji. Mnunuzi aliyedanganywa hakuchagua, na mtoto wa tumboni hakuulizwa kabisa.

Kwa hiyo tunawaomba Waheshimiwa Wabunge wayazingatie mambo matatu. Kwanza, sheria iwape madaktari wa ngozi nafasi ya kudumu katika vikao vinavyopanga kanuni za vipodozi, kwa kuwa wao ndio wanaompokea aliyeunguzwa. Pili, kila zahanati na hospitali ipewe wajibu wa kutoa taarifa za madhara kama hayo, ili bidhaa yenye sumu isakwe mpaka kwenye ghala ilikotoka. Tatu, adhabu imwelemee mwingizaji kuliko mchuuzi, na duka la dawa linalouza krimu za steroidi kiholela lifungiwe.

Nao viongozi wa Chama, kuanzia mashinani, wasingoje Bunge. Mikutano yao na itumike kuwaelimisha wananchi, na madaktari waalikwe kusema. Wazee wetu walitufundisha kwamba mwili ni amana. Mwenye amana hulaumiwa akiipuuza, lakini anayeivunja kwa ajili ya faida hana budi kujibu mbele ya sheria.