Pomboo Akimaliza Kuruka, Anarudi Wapi?

Majuzi binamu yangu aliye Dubai alitutumia video kwenye WhatsApp ya familia. Pomboo wawili wanaruka kupitia pete, muziki uko juu, watoto wanapiga makofi. Kazi yake ni kufagia kati ya viti onyesho likiisha. Huku Fort Ternan tulimjibu kwa mioyo na vicheko. Gogo ndiye aliyeharibu sherehe. Aliitazama mara mbili kwenye simu yangu, akauliza, "Akimaliza kuruka anarudi wapi?" Bwawani, nikamwambia. "Hapo hapo?" Hapo hapo. Akasema hata ng'ombe wake hutolewa bomani asubuhi, akanirudishia simu.

Wewe pia umewahi kushea video kama hiyo, usinidanganye. Pomboo ana sura ya mtu anayetabasamu, ndiyo maana tunaamini anafurahia. Lakini mdomo wake umeumbwa hivyo tu. Hata akiwa mgonjwa unabaki vile vile. Tena si samaki. Anapumua hewa kama wewe, ananyonyesha, anaishi na wenzake, na gizani anatafuta njia kwa kutoa sauti na kusikiliza mwangwi wake. Sasa mweke huyo ndani ya kuta za saruji, umrushie samaki aliyekufa kila akiruka vizuri.

Kuna aliyechoka. Tilikum, yule orca dume, alikamatwa karibu na Iceland mwaka 1983 akiwa na miaka kama miwili. Aliwekwa bwawani Canada, kisha Marekani, na pezi lake la mgongoni likaanguka upande. Mwaka 2010 alimuua mkufunzi wake huko SeaWorld, Orlando, na hicho hakikuwa kifo cha kwanza alichohusishwa nacho. Filamu ya Blackfish ikatoka 2013, watu wakaanza kukaa nyumbani, na 2016 kampuni ikatangaza kwamba haitazalisha orca tena. Tilikum alikufa Januari 2017, bado yuko bwawani. Kelele zilisaidia, lakini mimi naona kilichouma zaidi ni tiketi kukosa mnunuzi.

Na sisi si wageni wa mambo haya. Mwaka 2005 serikali yetu ilikubali kupeleka wanyama 175 wa porini Thailand, kwenye bustani ya kuwaonyesha usiku huko Chiang Mai. Wakenya walikasirika, kesi ikaenda kortini, wanyama wakabaki. Kwani hasira ile ilikuwa ya pundamilia peke yake?

Utaniambia, mtoto wa huku kwenye majani chai atamwona pomboo wapi? Swali zuri, na sitalipuuza, maana mimi mwenyewe niliacha chuo kwa kukosa karo na nauli ya Pwani si mchezo. Lakini pomboo tunao. Wako Kisite-Mpunguti, unapanda mashua Shimoni na kuwatafuta kwenye maji yao. Huko nako kuna ujinga wake: nenda Kizimkazi, Zanzibar, uone mashua zinavyoweza kuwafukuza na watalii wanavyorukia majini juu yao. Hata hivyo, pomboo aliyechoka na mashua anaweza kupiga mbizi na kwenda zake. Wa bwawani ataenda wapi?

Kilichonisumbua ni binamu. Pesa ya ule ufagio ndiyo inalipa karo ya wadogo zake wawili, na mwaka jana ilininunulia hii simu ninayoandikia. Siwezi kumwambia aache kazi, na sitamwambia. Mwenye ufagio hakujenga bwawa. Bwawa linajengwa na anayelipa kuingia, na likizo hii wako Wakenya watakaoenda Dubai wakiwa na pesa ya kuchagua.

Nilimwandikia kwamba akija Desemba tumchukue gogo, tupande treni hadi Mombasa, kisha matatu hadi Shimoni. Nikamwonya kwamba huenda tukakaa kwenye mashua asubuhi nzima bila kuona hata pezi. Alijibu kwa swali moja: gogo anaweza kustahimili mawimbi?