Ndoa Haipimwi kwa Hati ya Mshahara

Serikali ya nchi yoyote ina haki ya kumwuliza mgeni anayebisha hodi: huyu unayesema ni mkeo, ni mkeo kweli? Sina ugomvi na swali hilo. Ndoa za uongo zipo, zinanunuliwa na kuuzwa, na ofisa wa uhamiaji anayefumba macho hatendi kazi yake. Kwa hiyo asinijie mtu na hoja kwamba mzee huyu anataka mipaka iachwe wazi kama uwanja wa mpira. Ninachokipinga ni kitu kingine kabisa, nacho ni nchi kukubali kwamba ndoa ni ya kweli, kisha ikawazuia mume na mke kukaa pamoja kwa sababu mshahara wao ni mdogo.

Nasema juu ya Uingereza, maana karatasi zake ndizo nilizozisoma. Mwalimu mkuu akistaafu hugeuka karani wa mtaa. Watu humletea barua za benki, za mahakama na za mikopo awasomee. Safari hii nililetewa masharti ya viza ya mwenzi wa ndoa. Mke ni Mwingereza, amefundisha sekondari mkoani Iringa miaka sita. Mume ni Mtanzania, fundi umeme. Walifunga ndoa bomani, wana watoto wawili, na sasa mama yake yule mke anaumwa huko kwao. Wanataka kwenda kumtunza.

Tangu Julai 2012 sheria ya Uingereza inamtaka raia wake anayemleta mwenzi kutoka nje aonyeshe kipato cha kiasi fulani kwa mwaka. Kilianza na pauni 18,600. Desemba 2023 waziri wa mambo ya ndani wa wakati ule, James Cleverly, alitangaza kwamba kitafikishwa pauni 38,700, na hatua ya kwanza ikaja tarehe 11 Aprili 2024: pauni 29,000. Serikali iliyoingia madarakani Julai 2024 ilisitisha kupanda zaidi, lakini haikurudi nyuma pale pale.

Sasa angalia linavyomkuta mtu anayeishi nje ya kwao. Kama anaishi kwa mshahara, hana budi aonyeshe kwamba anapata kiasi hicho huko huko aliko, na juu yake awe na kazi inayomngoja Uingereza, yenye mshahara usiopungua hapo, itakayoanza katika miezi mitatu tangu arudi. Pauni 29,000 ni zaidi ya shilingi milioni 80. Nimekaa katika ualimu maisha yangu yote, wala sijapata kumwona mwalimu wa sekondari wa mkoani aliyelipwa fedha hizo kwa mwaka. Huyu mama angepata shilingi anazostahili na kuishi nazo vizuri tu, lakini kwenye fomu ile anahesabiwa fukara.

Na mume je? Ana ufundi mikononi, watu wanamfuata toka wilaya jirani. Kipato chake chote kwenye fomu ni sifuri, kwa kuwa mshahara wa mwombaji hauhesabiwi ila kama tayari yuko Uingereza na ana ruhusa ya kufanya kazi. Kama hawana mshahara unaotakiwa wanaweza kuonyesha akiba, ndiyo. Asiye na kipato kinachohesabika anatakiwa awe na pauni 88,500 zilizolala benki miezi sita. Mtu mwenye fedha hizo Iringa hana haja ya kuja kwangu nimsomee barua.

Najua jibu lao. Wanasema mgeni asije kuwa mzigo kwa mlipa kodi. Hoja hiyo ingekuwa na uzito kama mlango wa misaada ungekuwa wazi, lakini viza hiyohiyo inamkataza aliyepewa asiguse posho za serikali. Matibabu nayo analipia mapema, kabla hajapanda ndege: pauni 1,035 kwa kila mwaka tangu Februari 2024, na kwa viza ya miezi 33 anatozwa ya miaka mitatu, yaani 3,105. Ongeza ada ya maombi, iliyofika pauni 1,938 Aprili 2025. Jumla ni zaidi ya shilingi milioni 15 kwa mtu mmoja, ambazo mwalimu kijana hapa kwetu hazipati hata akiweka mshahara wake wote wa mwaka. Huo mzigo unaoogopwa uko wapi?

Mahakama ya juu kabisa ya Uingereza ililitazama jambo hili Februari 2017. Ilisema kiwango chenyewe ni halali, ila kanuni hazikujali vya kutosha maslahi ya watoto, zikarekebishwa mwaka huohuo. Kwa hiyo upo mlango wa huruma kwa mwenye shida isiyo ya kawaida. Lakini kuupita kunataka hoja za kisheria na, mara nyingi, wakili, na tunarudi palepale kwenye fedha.

Tusidhani haya yameanza jana. Mwaka 1979 gazeti la The Guardian lilifichua kwamba mwanamke wa Kihindi, mwalimu wa miaka 35, alipofika Heathrow kuolewa na mchumba wake alipimwa ubikira ili ijulikane kama hajaolewa tayari. Baadaye, mpaka Juni 1997, mwombaji alitakiwa athibitishe kwamba hakuoa au kuolewa kwa shabaha ya kuingia Uingereza. Aibu ile ya kwanza ilikomeshwa, na kanuni ile ya pili ikafutwa. Sharti la fedha halina sura mbaya kama hizo, ndiyo maana linadumu.

Wala sisi tusijifanye wasafi. Sheria yetu ya Uraia ya mwaka 1995 ilimfungulia njia mwanamke wa kigeni aliyeolewa na Mtanzania, na haikumpa njia hiyo mwanamume wa kigeni aliyemwoa dada yetu. Hilo nalo ni la kupigiwa kelele, siku nyingine.

Upande wa ushahidi ndio ulionichosha zaidi. Wanataka karatasi za kuonyesha kwamba wawili hawa wanakaa nyumba moja: mkataba wa pango, ankara za maji na umeme, barua za anwani moja. Ndugu msomaji, umeme wetu ni wa LUKU. Unalipa, unapewa namba, unaingiza kwenye mita, na mita ina jina la mwenye nyumba. Barua zinakuja kwa sanduku la posta la shule. Tulipata barua ya mwenyekiti wa mtaa yenye mhuri, tukaitafutia mtafsiri, maana karatasi ya Kiswahili bila tafsiri haipokelewi. Barua walizoandikiana hawakuwa nazo. Mtu unayekula naye jioni humwandikii barua.

Kwa hiyo wamekata shauri hivi. Mke ataondoka na watoto, ambao ni raia wa huko kwa upande wa mama yao. Atatafuta kazi ya kufikia pauni 29,000, akae nayo miezi sita kwa mwajiri mmoja, ndipo maombi ya mume yapelekwe, na baada ya hapo wangojee. Karibu mwaka mzima, kama kazi itapatikana upesi. Nimemwambia mume atunze kila ujumbe wa simu watakaotumiana, wenye tarehe zake, maana huo nao watautaka.